Lango Lililomfuata Kipa

Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya fainali, kipa alitoka uani kupiga mswaki akakuta lango limesimama nyuma yake. Lilikuwa lenyewe, lile la upande wa kusini wa uwanja: milingoti miwili myeupe, mwamba wenye kutu pembeni, na nyavu zilizolowa umande. Alipoinama bombani, nalo likasogea hatua moja. Alipokwenda chooni likamsubiri nje kwa adabu, kama mgeni anayejua nyumba za watu.

Mkewe alitoka na beseni la nguo. Akapitisha kidole kwenye mwamba kuona kama unachafua.

"Afadhali," alisema. "Kamba ya kuanikia imekatika tangu Ijumaa."

Akaanika shuka mbili na jezi.

Nyavu zilikuwa na tobo moja, kubwa kama mpira, usawa wa kifua. Hapo ndipo lilipopita bao la dakika ya themanini na nane. Shuti lenyewe halikuwa na nguvu ya kutoboa hata gazeti. Lilikuja juujuu, polepole, kama kifurushi unachorushiwa na jirani, likafika mikononi mwake, likapita katikati ya viganja. Kwa miaka kumi na tano watu walimwita Sumaku. Jioni ile akawa Chujio, na jina jipya lilifika mtaani kwake kabla yeye hajavua viatu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Alhamisi, mazoezini, alivunjika vidole viwili vya mkono wa kulia. Akamwambia kocha, kocha akamwambia mwenyekiti wa klabu, mwenyekiti akauliza vingapi.

"Viwili," alijibu kipa.

"Basi vinabaki vinane," alisema mwenyekiti. "Wengine wanaomba kwa Mungu wapate vinane."

Jumapili, daktari wa timu akamchoma sindano nne za ganzi na kuvifunga vidole kwa plasta chini ya glavu. Kipa akaingia uwanjani na mkono ambao, kwa alivyouhisi, ungeweza kuwa wa mtu mwingine. Akakwaruza ardhi kwa kisigino katikati ya lango, kama alivyofanya kila mechi ili ajue amesimama wapi. Kisigino kilijua. Mkono haukujua kitu.

Hayo yote mkewe aliyafahamu. Asiyeyafahamu alikuwa baba wa kipa.

Mzee alikuwa fundi cherehani mstaafu, anayekaa chumba cha mbele katika nyumba hiyohiyo, na redio yake, na cherehani ambayo sasa ilikuwa meza ya kuwekea dawa. Ndiye aliyemshonea mwanawe glavu za kwanza kwa mabaki ya bitana za makoti, pale mtoto alipowekwa golini kwa sababu ni mrefu na hajui kukimbia. Tangu siku hiyo walikuwa na desturi yao. Baada ya kila mechi, ya kushinda au kushindwa, mzee alimpokea mlangoni, akamshika mkono wa kulia, akakagua mshono wa glavu na kuuliza, "Mikono mizima?"

"Mizima, baba."

Ndipo waliposalimiana kama watu wengine.

Kabla ya fainali kipa hakumwambia baba yake habari ya vidole. Alisema moyoni, mzee ana presha, nitamwambia nikirudi, ataniuliza tu. Lakini wakati anarudi, mtangazaji alikuwa ameshasema redioni kwamba mpira ule hata bibi yake angeudaka, na kwamba penye moshi, ndugu wasikilizaji, kuna mtu amepika matokeo. Mzee alikuwa amekaa mlangoni na mikono kwapani. Hakuuliza.

"Nilivunjika vidole, baba. Walinichoma ganzi."

"Kila mwizi akikamatwa ana jeraha," alisema mzee, akaingia ndani.

Toka hapo alizungumza na mwanawe kwa kupitia mkwe wake. "Mkwe, mwambie mwenye lango asogee, ananizibia jua." Jua likipanda: "Mkwe, mwambie arudi, kivuli cha nyavu kilikuwa kinafaa."

Kipa alisogea na kurudi.

Klabu ilimwachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu. Akapata kazi posta, dirisha la kupokelea vifurushi. Lango lilisimama nyuma yake, kati ya kaunta na rafu, na meneja akaagiza rafu zisogezwe. Vidole viliungana vibaya, vikapinda kama vijiti vya kuni, kwa hiyo vifurushi vilimponyoka mara kwa mara. Vikaishia nyavuni. Hakuna kilichopasuka hata kimoja, na mwisho wa mwaka dirisha lake likasifiwa.

Mchana, akiwa peke yake, aligeuka akatazama lile tobo. Hakutaka kurejeshwa kazini, wala jina la Sumaku. Alitaka kitu kimoja: baba yake aulize. Na alijua mzee hataamini mdomo wa mtu yeyote. Kilichoingia kwake kwa redio kingetoka kwa redio.

Uwanjani, wakati huo, upande wa kusini palikuwa na madawati mawili ya shule badala ya milingoti. Shirikisho la mpira likaandika barua ya siku saba: lango lirudi au uwanja ufungwe. Siku ya sita mwenyekiti akaja nyumbani na lori, watu wanane, na daktari wa timu aliyebaki ameketi mbele kwa dereva.

"Kaka," alisema mwenyekiti, akipenya kati ya shuka, "umependeza. Umenenepa. Tunaomba lango letu."

"Sikulichukua."

"Hatusemi umeiba. Tunasema liko nyuma yako."

"Mtalipata. Sema redioni kwamba niliwaambia kuhusu vidole, mkanichoma sindano. Sentensi moja. Baba anasikiliza."

Mwenyekiti akamtazama mzee aliyekuwa mlangoni akijifanya hasikii.

"Hilo tu?" alisema. "Mbona dogo hilo! Leo saa moja jioni, habari za michezo. Mzee, shikamoo."

"Marahaba," alisema mzee. Mwenyekiti alikuwa mtu ambaye mzee aliwahi kumsikia redioni.

Mke wa kipa akaanua nguo. Wale watu wanane wakalinyanyua lango, nalo likakubali. Lori likaondoka. Kipa akabaki amesimama uani, akihisi upepo mgongoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Akatafuta ukuta wa kuegemea.

Saa moja walikaa watatu chumbani kwa mzee. Kipa alikuwa amevaa shati lililonyooshwa. Mkewe aliweka chai, hakuna aliyekunywa. Mzee aliongeza sauti mwenyewe.

"Kipa wetu wa zamani," ilisema sauti ya mwenyekiti, laini, "amerudisha lango kwa hiari yake. Ni uungwana. Klabu ni mama, na mama hamtupi mtoto. Yaliyopita si ndwele. Kwa niaba ya wanachama wote, natamka kwamba tumemsamehe."

Kisha wakaingia matangazo ya sabuni.

Mzee alizima redio. Halafu akainuka kwa kushika cherehani, akavuka chumba, akanyoosha mkono.

"Umesamehewa, mwanangu," alisema. "Umesikia? Wamekusamehe mbele ya nchi nzima. Na mimi ni nani nisikusamehe?"

Kipa aliutazama mkono ule. Ulikuwa wa miaka themanini na mbili, umejaa makovu madogo ya sindano za kushonea. Maneno alikuwa nayo, amekaa nayo miezi saba akiyapanga na kuyapangua.

Mkewe alifungua mdomo. Kipa akamtazama, naye mke akaufunga.

Akatoa mkono wa kulia. Mzee akaushika, akavipapasa vile vidole viwili vilivyopinda kama mtu anayetafuta mshono, na macho yake yakaenda dirishani.

"Mikono mizima?" aliuliza.

"Mizima, baba."

Nje kulisikika kishindo kidogo. Lango lilikuwa limerudi, likiwa na majani ya njiani kwenye nyavu. Mke wa kipa akachukua beseni akaenda kuanika tena, maana nguo zilikuwa bado mbichi.

Klabu ikachomelea lango jipya. Likasimama vizuri msimu mzima, hadi fainali nyingine.

Jumanne baada ya fainali hiyo, kipa alikuwa amekaa uani na baba yake, wakila mkate. Kijana mmoja mrefu alitokea kichochoroni, bega la kushoto limefungwa bendeji, na nyuma yake lango jipya linalonuka rangi. Alikuwa kipa wa sasa. Majirani walisogeza baiskeli ili apite.

"Shikamooni," alisema. "Niliambiwa nije hapa."

"Sindano ngapi?" aliuliza kipa.

"Tatu. Niliwaambia bega limetoka. Mwenyekiti akasema nina jingine."

Kipa akamsogezea kiti. Akamweleza kwamba kulala ni ubavu wa kushoto, kwamba milango haina shida mradi usigeuke haraka, na kwamba kutu ya mwamba huondoka kwa majivu.

Mzee alikuwa ameshavaa miwani. Alizizungukia nyavu mpya akalipata tobo, akalipima kwa shubiri.

"Hili nalo nililisikia redioni," alisema, akitikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi, mnauza mechi kama njugu. Haya, usilie. Watakusamehe. Huyu wangu walimsamehe."

Kijana akamtazama kipa. Kipa akaendelea kumega mkate.

Mzee akatia uzi kwenye sindano, akaanza kulishona lile tobo. Alishona hadi adhuhuri, mshono mzuri, wa makoti. Kila alipokata uzi, tobo lilikuwa palepale, na mzee akaanza upya.