Matuta ya Bondeni

Severine ndiye aliyempa dada yake Marieta kile kipande cha bondeni, mwaka aliporudi nyumbani Tlawi baada ya kufiwa na mume. Alimpa mbele ya mama yao, akamwambia alime apendavyo. Kilikuwa vichaka na mawe. Marieta akakifanya bustani.

Septemba hii, mvua za vuli zikiwa bado mbali, alianza kazi mapema. Aling'oa mashina ya kabichi yaliyobaki, akapunguza matawi ya mipichi, akabeba samadi kutoka zizini kwa kaka yake, akaichanganya na udongo mpaka ukawa mweusi. Kando ya kijito akasia mbegu za kabichi, akazifunika kwa nyasi. Asubuhi Severine alikuwa akipita, anaegemea ua, wanaongea habari za ng'ombe. Hata kuna siku alivua koti akamsaidia kuinua matuta ya mwisho. Jioni ile Marieta alipanda kurudi nyumbani akiimba.

Wiki iliyofuata akakuta mtu bustanini anavuta mpira wa maji. Alikuwa Wilbard, mkulima wa vitunguu kutoka Tumati. Alimpa shikamoo kwa adabu. Marieta akaitikia, kisha akamuuliza anatafuta nini. Wilbard akashangaa. Alikuwa amekodishiwa bonde lote na Severine tangu wakati wa mavuno.

"Aliniambia nisubiri kwanza, mama," akasema. "Kwamba kuna mtu ananiandalia matuta."

Marieta alipanda kwenda kwa kaka yake. Severine hakukana. Alisema ardhi ni ya ukoo, na kule juu kwenye mikaratusi bado kuna nafasi.

"Ulishika jembe pamoja na mimi," Marieta akamwambia. "Ulikuwa unajua, na ukashika jembe."

Oliva, mke wa Severine, aliinuka akaingia ndani. Kumbe naye alijua.

Marieta hakugombana. Samadi ikishaingia udongoni hairudi zizini. Aliteremka, akaing'oa miche yake, akaifunga kwenye magunia yaliyolowa, akaipeleka kwa jirani yake Fabiola, aliyemwachia kona nyuma ya nyumba. Nusu ilikufa kwa jua.

Vuli ilipokolea, bonde lilikuwa kijani tupu, na watu wakamsifu Wilbard. Severine alimtuma Oliva na kikapu cha vitunguu. Marieta alimkaribisha wifi yake, akampa chai, akamrudishia kikapu kama kilivyokuja. Kanisani humsalimia kaka yake kama anavyosalimia watu wote. Kwake hajala tena.