Jino la Mwisho la Divina

Divina Catapang alikuwa amebakiza jino moja. Miaka sita alisomea udaktari wa meno mjini Manila, na katika orodha yake ya kung'oa, majina kumi na tisa yalikuwa yametiwa saini. La ishirini likikosekana kabla ya kliniki ya chuo kufungwa saa kumi na moja jioni ile, angerudia mwaka mzima. Wanafunzi wa chuo kile hujitafutia wagonjwa wenyewe, na wagonjwa huibwa kama kuku. Wa kwake wa mwisho alinyakuliwa asubuhi hiyo hiyo mlangoni, na mwenzake aliyemwahidi nauli na chakula cha mchana.

Ndipo alipomkumbuka Mang Teban, yaani Mzee Teban, mpishi wa uji wa mchele mtaani kwao Tondo, ambaye gego bovu lilikuwa limemvimbisha shavu. Akaenda mbio. Mang Teban alikubali hata kabla hajamaliza kuulizwa. Aliyeziba njia ni mkewe, Aling Sepa, yaani Bi Sepa. Mumewe ameshinda jikoni tangu alfajiri, alisema, na mwili wenye joto ukiguswa na chuma baridi ni pasma hiyo: mishipa inakaza, mikono inatetemeka mpaka kaburini. Apumzike kwanza kwa muda wa saa mbili. Wakati huo ilikuwa saa tisa.

Divina alijua kwamba vitabuni hakuna pasma. Alijua pia kwamba hakuna kitabu kilichowahi kumshinda mwanamke wa Tondo. Akakaa kungoja.

Saa kumi Aling Sepa alimwonea huruma, akatoa shauri. Koleo si analo mkobani? Benchi lipo, maji ya moto yapo. Teban akishapoa kidogo, ang'olewe hapa hapa, kisha yeye alikimbize jino chuoni likatiwe saini.

Tamaa ilimpanda Divina, tusifichane. Mkono ulishafika kwenye zipu ya mkoba.

"Siwezi, mama," alisema. "Sina leseni. Sheria imenisamehe leseni kule chuoni tu, mwalimu akiwa amesimama pembeni yangu."

"Yaani jino lile lile, hapa ni kosa, kule ni masomo?"

"Ndiyo. Hapa naweza kufungwa."

"Mbona wale wa vichochoroni wanang'oa na hawaogopi?"

"Ndio waliolivunja jino la Mang Teban mwezi uliopita, mama."

Aling Sepa akachukua upepeo wake wa jikoni. "Teban, simama. Utapoa njiani."

Basi wakajibana watatu kwenye pikipiki yenye kigari ubavuni, mama anampepea mumewe kama mahindi ya kuchoma, Divina anamhimiza dereva kila kona. Saa kumi na nusu walikuwa kwenye kiti cha kliniki. Dokta Evardone, mwalimu wake, alimpima mzee shinikizo la damu, akaitikia kwa kichwa. Sindano. Koleo. Divina akalitikisa gego taratibu, huku na huku, mpaka likaachia, likatoka na mizizi yake yote mitatu. Saini ikatiwa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Binti alirukaruka mbele ya mwalimu wake bila haya.

Bado anaruka, Aling Sepa akajipandisha kwenye kile kiti na kupanua mdomo. Kumbe naye alikuwa na bovu lake, kule nyuma kabisa.

Divina akanyoosha mkono kuchukua koleo. Dokta Evardone akalifunika kwa kiganja.

"Orodha yako imefungwa," alisema. "Wewe si mwanafunzi tena, na daktari bado. Usiguse jino la mtu mpaka ushinde mtihani wa leseni."

Divina akamwelekeza Aling Sepa kwa mwanafunzi wa kiti cha pili, kijana mpole, mkono mwepesi. Aling Sepa akamtazama yule kijana, akashuka kitini.

"Huo mtihani lini?"

"Miezi minne, mama. Na kushindwa kupo."

"Nimekaa nalo miaka miwili," alisema Aling Sepa, akifunga kitambaa chake shavuni. "Nitakungoja."

Divina, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kutoa chozi mbele ya mgonjwa, aligeukia ukutani akalia.