Mgonjwa wa Kwenye Jeneza

Kaburi lilikwisha kuchimbwa, na jamaa walikuwa wanasubiri ng'ambo ya mpaka tangu asubuhi. Mazishi yalipangwa saa kumi. Saa saba, gari la maiti lilipita polepole katikati ya nguzo mbili za kituo cha mpakani zinazonusa mionzi, nazo zikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Mjane alishuka pamoja na shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu, na dereva. Wakapitishwa mmoja mmoja; nguzo kimya. Jeneza likateremshwa, gari likapita tupu; kimya. Jeneza likasukumwa peke yake juu ya kigari cha mizigo. Nguzo zikalia.

Mkaguzi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akalipitishia kipimo cha mkononi kuanzia miguuni. Kilipofika shingoni, kikapiga kelele. Mjane akamweleza kwamba siku tisa zilizopita mumewe alinyweshwa dawa ya mionzi hospitali, ya uvimbe wa shingo. Kilichomuua ni moyo. Cheti cha kifo kipo, barua ya daktari ipo. Mkaguzi akasoma vyote viwili, akampa pole ya kweli, akatoa fomu.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Mzigo: usubiri mtaalamu kutoka makao makuu, siku tatu hadi tano. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mionzi: aonyeshe barua ya daktari, apite.

"Sasa huyu yuko wapi hapo?" shemeji akauliza.

"Maiti huandikwa mzigo," mkaguzi akasema kwa sauti ya chini. "Ila kipimo kinasema ni dawa ya hospitali. Na mzigo hautibiwi, ndugu yangu."

Shemeji akawaka, kwamba kaka yake si gunia la saruji. Mjane akamshika mkono. Wiki nzima watu walikuwa wakimsihi akubali kwamba mumewe hayupo tena, na jana tu, alipokuwa akimvisha soksi, ndipo alipokubali. Akavuta kiti.

"Andika mgonjwa."

Maswali yote yalikuwa ya lazima. Ana kichefuchefu? Hana. Anakula vizuri? Siku hizi hapana. Anapata choo? Hapo shemeji akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, haijulikani kwa kicheko au kwa kilio.

"Anaendeleaje kwa jumla?"

Mjane akalitazama jeneza. "Hajambo. Amechoka tu."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Mkaguzi akaandika hivyo hivyo: mke. Akagonga muhuri, kisha, kwa kuwa kanuni zilimtaka, akasoma masharti ya nyuma ya fomu bila kuinua macho. Mgonjwa anywe maji mengi. Asipakate watoto. Kwa muda wa siku saba alale chumba chake, peke yake.

"Atalala peke yake," mke akasema.

Kizuizi kikainuliwa. Nguzo zikalia tena gari lilipopita, na safari hii hakuna aliyegeuka. Walifika makaburini saa kumi kasorobo.