Jouli Mia na Hamsini

Mwalimu Gladys hakuamini hata kivuli chake. Chupa yake ya mafuta ya kupikia aliitia alama ya kalamu ili ajue yakipungua, na mtihani wa fizikia wa Kidato cha Tatu aliulaza chini ya godoro mpaka asubuhi ya kuuchapa. Kwa hiyo siku aliposahihisha karatasi za wasichana wake, katika shule ya bweni pembeni mwa mji wa Isiolo, akakuta jibu moja la ajabu mara mbili, hakushangaa. Alikuwa akilingojea tangu aajiriwe.

Swali la saba lilikuwa la kumpa mvivu alama za bure. Mchungaji anateka ndoo ya kilo kumi kutoka kisima chenye kina cha mita sita. Anafanya kazi kiasi gani? Uzito wa ndoo ni nyutoni mia moja. Zidisha kwa mita sita, unapata jouli mia sita. Wengi walipata, na waliokosa walikosa kila mtu kwa njia yake. Lakini Akuam, wa kutoka Ngaremara, aliandika mia na hamsini. Na Tache, wa kutoka Merti, naye aliandika mia na hamsini. Hawakuonyesha hesabu yoyote.

Kukosa si dhambi, ila kosa lilelile kwa watu wawili lina baba mmoja. Na hawa hawakukaa pamoja. Akuam alikuwa mlangoni, Tache dirishani nyuma, Gladys mwenyewe akizunguka katikati kama askari wa gereza. Basi hawakutazamiana. Kuna mtu aliyewapa jibu kabla, tena jibu bovu.

Karatasi hiyo ilishikwa na watu wawili tu kabla ya mtihani: yeye, na M'Ikiara wa chumba cha fotokopi, mzee Mmeru mwenzake aliyechapa mitihani ya shule hiyo kabla Gladys hajaota meno ya ualimu. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza. Wakati wa chai, mbele ya walimu wote, akamuuliza.

"Mzee, wewe ndiye umewapa wasichana mtihani wangu?"

M'Ikiara aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi nachapa tu. Hiyo fizikia hata sielewi."

"Kufungua mlango hakuhitaji fizikia."

Hakuna mwalimu aliyecheka. Mzee alitoa mfukoni ufunguo wa chumba cha fotokopi, akaenda kuuweka juu ya meza ya mkuu wa shule, akarudi kumalizia chai yake akiwa amesimama.

Mkuu wa shule, Madam Anisa, hakupenda makelele, lakini sheria aliijua. Anayeiba mtihani anarudishwa nyumbani. Tache angeweza kutafutiwa shule nyingine. Akuam alisomeshwa na wafadhili wa kanisa, na wafadhili hao walisema tangu mwanzo kwamba barua moja tu ya utovu wa nidhamu, basi. Gladys alijua hivyo, na iliuma, kwa sababu alimpenda msichana huyo. Lakini aliyeumia na kudhani amedanganywa huwa mkali mara mbili.

"Niwajaribu tena," akasema. "Nikiwaonea, nitaonekana."

Akawaweka vyumba viwili tofauti, kila mmoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake dakika hiyohiyo. Swali lilikuwa lilelile, ila kisima sasa kilikuwa cha mita tisa. Anayejua atapata jouli mia tisa. Aliyekariri atajianika.

Akuam aliandika mia na hamsini. Tache aliandika mia na hamsini.

Za mwizi ni arobaini! Gladys alizipeleka karatasi ofisini karibu akikimbia, na wasichana wakiwa nyuma yake. Madam Anisa alizitazama, akavuta fomu ya kumrudisha mwanafunzi nyumbani, akaandika jina la Akuam.

"Una la kusema?"

Akuam alisogea karibu na meza. "Madam, mimi sikuiba. Hiyo ndiyo jibu."

"Kisima kimeongezeka mita tatu," Gladys akasema, "na jibu limebaki palepale! Kazi haikuongezeka?"

"Iliongezeka, madam. Lakini watu pia waliongezeka."

"Watu gani?"

Msichana alitazama huku na huku, akachukua ndoo ya takataka iliyokuwa kando ya meza. Akachuchumaa, akaishika karibu na sakafu, akasimama na kuiinua juu ya kichwa. Tache, bila kuambiwa, alipanda kiti na kuipokea, akaiinua mpaka karibu na dari. Akuam alizoea visima vinavyochimbwa katika mchanga wa lagha, mto mkavu, Tache visima vya Waborana, na mikono yao ilijuana.

"Kisima ya mita sita inataka watu wanne ndani," Akuam akasema. "Kila mtu anapatia mwenzake. Ya mita tisa, watu sita. Kisima ikiwa refu, watu wanaongezeka. Mkono yangu haiongezeki."

Gladys aligawa kichwani. Mia sita kwa wanne. Mia tisa kwa sita. Kote mbili, mia na hamsini kila mmoja.

"Kwa nini hukuandika kuna watu wanne?"

"Swali ilisema mchungaji, madam." Akuam alishangaa kweli. "Nani hajui mchungaji hatekangi peke yake?"

Madam Anisa, mzaliwa wa Garbatulla, nchi ya visima hivyohivyo, aliinamisha kichwa kidogo kuficha kicheko. Aliichana fomu vipande viwili, kisha akamsukumia Gladys ule ufunguo ng'ambo ya meza.

Gladys aliubeba hadi chumba cha fotokopi. M'Ikiara alikuwa nje ya mlango, amekaa juu ya katoni ya karatasi. Gladys aliona haya hata kumtazama.

"Mzee, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe," M'Ikiara akasema, akapokea ufunguo na kufungua. Gladys akampa mtihani wa wiki ijayo, nakala arobaini, akageuka aende zake.

"Hapana, Mwalimu. Simama hapa uniangalie. Mimi sichapi tena bila shahidi."

Alisimama. Karatasi zilitoka moja moja, na mzee alizihesabu kwa sauti mpaka ya arobaini.