Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Isansa, na Mzee Osea hakuwa amegeuza shingo hata mara moja. Alikuwa ametoka binti yake Imelda akiwa kisimani, maana kuaga kulimshinda tangu ujana. Hivyohivyo aliondoka kwenda Kitwe, kule Zambia, akaondoka kwenda Sumbawanga, na mke wake Yunisi alizikwa yeye akiwa Ndola, Zambia tena. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, na nyayo bado zilimwasha.

"Tunduma utafikia kwa nani, babu?" Gasper, mwenye pikipiki, aliuliza.

"Kwa atakayenifungulia."

Walipofika Nanyala mvua iliwashukia kama iliyotumwa. Wakakimbilia barazani mwa nyumba kuukuu ya matofali, iliyojengwa na mnunuzi mmoja wa kahawa kabla ya Uhuru. Siku hizi ilikuwa nyumba ya maonyesho ya picha, na Felista, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeitunza.

"Karibuni. Kutazama ni bure, ila matope yabaki nje."

Gasper alicheka mbele ya picha ya dereva wa lori aliyelala mdomo wazi. "Huyu foleni ya mpakani imemkomesha!"

Osea alipita hadi chumba cha nyuma. Hapo chokaa ilikuwa imebanduliwa, na chini yake ukajitokeza ukuta uliokandikwa udongo, kazi ya akina mama waliowahi kuitwa kusiriba nyumba kabla ya Krismasi. Mawimbi ya udongo mweupe yalikokotwa kwa vidole: mistari mitatu mitatu, na pengo pale ambapo kidole cha kati kingepita. Kibao kilisema: *Mchoraji hajulikani.*

Osea alipitisha kidole kwenye pengo. "Huyu ni mke wangu."

"Mzee wangu," Felista alisema kwa upole, "wewe ni wa nne kudai. Wa tatu alidai kachora mwenyewe, na hata ndoo ya udongo hajawahi kushika. Siandiki jina bila shahidi."

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani. Osea alitoa simu akampigia binti yake.

"Uko wapi, baba?"

"Nanyala. Nimetoroka."

"Najua. Uji wako umepoa."

"Njoo, mwanangu. Nakuomba."

Mvua ilipopungua Gasper alirudi Isansa kumchukua. Imelda aliingia kitenge kikichuruzika, uso umekunjamana. Felista hakumruhusu afike chumba cha nyuma, asiuone ukuta kwanza. Alimwekea beseni la udongo mweupe na ubao. "Chora kama unavyosiriba jikoni kwako."

Imelda alimtazama baba yake kama anayetazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, akapiga magoti. Mkono wake ulikuwa mzima, vidole vyote vitano. Lakini kabla haujagusa ubao, kidole cha kati kilijikunja chenyewe kikalala kiganjani.

"Mbona unakikunja?" Felista aliuliza.

"Ndivyo inavyochorwa. Mama alinifundisha hivi."

"Mama yako hakukunja kitu," Osea alisema. "Kilikatwa na mashine ya kumenyea kahawa."

"Hilo nalijua, baba, lakini mchoro..." Imelda aliutazama mkono wake. Kisha kicheko kikamwangusha sakafuni. "Miaka thelathini! Na wanangu nimewafundisha!"

Osea alimshika mkono akampeleka nyuma. Chini ya mawimbi yale alikuwa amechorwa mtu wa kofia mlangoni pa nyumba, begi begani, mdomo wazi kwa kicheko. Osea, ambaye siku zote aliamini kwamba Yunisi alikufa akiwa amemchoka, hakuthubutu kusema ni nani.

"Ni wewe," Imelda alisema.

"Anakwenda wapi?"

"Hivi huioni miguu? Anaingia ndani."

Kibao kilibadilishwa wiki hiyo. Sasa kina jina la Yunisi. Felista amepata chumba kingine cha maonyesho. Gasper ameoa kule Ndalambo na kuhamia huko. Imelda alijaribu kuchora kwa vidole vyote, hakupendezwa, akarudia vitatu. Osea alikwenda Ndola wiki tatu, akarudi na mablanketi mawili. Krismasi iliyopita yeye ndiye aliyemkorogea Imelda udongo wa kusiriba.