Bata Mzinga wa Stroud

Wendell Stroud alikuwa ameweka matumaini yake yote kwa bata mzinga. Mwaka aliofiwa na mkewe alijaribu kumwoka mwenyewe kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani. Akamtoa akiwa mkaa nje, mbichi ndani. Binti yake Corinne alisukuma sahani, wakatupiana maneno, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa baba yake, Nebraska. Sasa alikuwa amekubali kuja kutoka Denver na mwanawe. "Tunakula, baba, halafu tunaondoka," alimwonya. Ndipo Wendell akaagiza dukani bata mzima aliyekwisha kupikwa, wa kupashwa moto tu.

"Wa Stroud ameshachukuliwa," alisema binti wa kaunta asubuhi ya sikukuu.

"Si mimi ndiye Stroud!"

Binti akainama kwenye friji, akaibuka na kifurushi kidogo. Uso ulimwiva kwa aibu. "Kumebaki kipande hiki cha kifua. Kimeandikwa L. Stroud. Samahani sana, mzee wangu, nadhani tumewachanganya."

"Basi nipe bata mwingine."

"Wameisha wote. Hata kuku wameisha. Na tunafunga saa sita."

Wendell alishika ukingo wa kaunta. Huyo L alimjua: Lyle, mdogo wake, wa tumbo moja. Walizozana mbele ya jeneza la mama yao, kila mmoja akimwambia mwenzake ndiye aliyemtelekeza, na hawakusemeshana tena. Afadhali angetafuna soli ya kiatu kuliko kubisha mlango ule. Lakini Corinne alikuwa tayari njiani.

Lyle alifungua akiwa na soksi tupu. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Nani kafa?"

"Nimemfuata bata wangu."

Lyle akampisha. Mezani kulikuwa na sahani za maua, viazi vya kuponda, mchuzi, na katikati yule bata. Paja moja halikuwepo.

"Lyle! Ulijua si wako, kisha ukamkata?"

"Nilijua nilipofika nyumbani. Nikasema ngoja, mara moja tu, meza ionekane kama ya watu."

"Mkeo Joyce yuko wapi? Ameshindwa kukuzuia?"

"Joyce nilimzika Aprili."

Wendell akajikuta ameketi. "Na hukuniambia."

"Ungekuja?"

Wendell aligeuza macho. Saa ya ukutani ilimhimiza. Alifikiri kumfungasha bata aende zake, lakini moyo ulikataa kumwacha ndugu yake na kile kipande cha kifua.

"Vaa viatu," alisema. "Corinne anakuja."

"Hatataka kuniona."

"Hata mimi sina hakika kama anataka kuniona. Vaa, bwana, tunachelewa!"

Walimpasha bata moto nyumbani kwa Wendell, wakaligeuzia ukutani lile pengo la paja, wakagombana kidogo kuhusu moto wa oveni. Harufu ilijaa nyumba nzima. Wendell alibadilisha shati mara mbili. Kila gari lilipopita alikimbilia dirishani.

Simu ikalia.

"Baba, theluji imefunga barabara. Imebidi tugeuze."

Nyuma ya sauti yake Wendell alisikia mtoto akicheka na muziki wa katuni. Hakukuwa na gari, wala upepo.

"Uko wapi, mwanangu?"

Muziki ukazimwa. "Nilijaribu, baba. Nilifika mpaka mlangoni kwangu na funguo mkononi."

Wendell alitaka kumwambia kuhusu bata, jinsi ngozi yake ilivyoiva rangi ya asali. Alitaka kumsihi. "Sawa," alisema. "Msalimie mtoto."

Lyle alikuwa amesimama na kisu. "Anakuja?"

Wendell alitikisa kichwa, kisha akafunika uso kwa kitambaa cha mezani, akalia kwa sauti ambayo hata kwenye mazishi ya mama yao hakuitoa. Lyle hakumgusa, hakujua namna. Aliondoa sahani mbili zilizozidi, akazirudisha kabatini polepole zisigongane, akaja kuketi kiti cha karibu.

"Kula, kaka," alisema. "Anapoa."