Gunzi la Mkono wa Kushoto

Watu wa Itigi wana maneno! Wiki niliyorudi nyumbani, jirani yetu Dorkas alichungulia juu ya ua, akaniona nimekunja magoti, fimbo mkononi, macho chini. Akapiga kelele, "Kauthar, usimsogelee! Ni mkubwa?" Alidhani naua nyoka. Nikamwambia nafanya mazoezi ya gofu. Akanitazama, akaguna, akasema, "Heri angekuwa nyoka."

Sikumlaumu. Mimi ni kedi, yaani namfuata mchezaji wa gofu nimembebea mkoba wake wa fimbo, jua likiwaka, yeye akipiga mpira na mimi nikiutafuta. Kazi yangu iko kwenye klabu moja kule Morogoro. Masika yakikolea uwanja unajaa maji, klabu inafungwa, na sisi makedi tunarudi makwetu bila malipo. Mwaka huu tuliondoka na habari. Kocha Andrea alitutangazia kwamba uwanja ukifunguliwa tutashindanishwa sisi wanawake peke yetu, na mmoja atachukuliwa awe msaidizi wake, mwenye mshahara wa kila mwezi na ruhusa ya kucheza mashindano. Mmoja tu. Nina miaka thelathini na moja na nimebeba mikoba ya watu mpaka bega limeota sugu. Nafasi ile niliitaka, jamani, mpaka chakula kilikuwa hakishuki.

Lakini Itigi utachezea wapi gofu? Hapa kuna reli, kuna vichaka, kuna asali. Basi nikajitafutia njia ya maskini. Fimbo nilikuwa nayo moja, namba saba, chakavu, nilipewa na mchezaji aliyenunua mpya. Mpira pia mmoja, nao sikuthubutu kuupiga kwa nguvu, maana ukiingia kwenye vichaka vya Itigi umeuaga. Huo niliusukuma polepole juu ya mkeka mpaka uingie kwenye kikombe cha bati nilichokilaza. Kwa kupiga hasa nilitumia magunzi. Mahindi yalikuwa yanapukuchuliwa kila nyumba, magunzi bure, unachukua kiroba kizima. Gunzi haliendi mbali wala halivunji dirisha. Nikatundika chandarua kibovu kwenye kamba ya nguo, nikawa nalenga hapo asubuhi na jioni.

Tatizo ni kwamba hayakwenda hapo. Yalikwenda kulia. Nilibadilisha miguu, nikalegeza mabega, nikapunguza nguvu, nikasoma dua. Gunzi linanyanyuka vizuri, halafu linapinda kulia kuelekea jikoni kwa Mama. Hata Morogoro ugonjwa wangu ulikuwa huohuo.

Mama yangu, Bi Hajira, anauza asali stesheni. Treni zikishapita anarudi, anakaa kwenye kigoda, anachuja asali ya kesho huku ananitazama. Hakuwahi kunicheka. Aliuliza tu, "Na huu ndio mshahara?" Nikamjibu, "Inshallah, Mama."

Sasa niseme jambo moja. Mimi nilizaliwa mashoto. Utotoni kila nilichoshika nilishika kwa mkono wa kushoto, na Mama hakukubali. "Huo mkono wa chooni," alisema. "Ukimpa mtu kitu kwa huo umemtukana." Wakati wa kula alinifunga ule mkono na kitambaa ubavuni, mpaka mkono wa kulia ukajifunza. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa nakula, naandika na kusalimia kama wenzangu. Nikadhani yameisha.

Basi siku moja gunzi langu lilipinda, likatua katikati ya beseni la asali. Chubwi! Mama akang'aka, "Wewe mtoto, una laana gani na asali yangu?" Hasira zikanipanda, si kwake, kwangu mwenyewe. Nikaigeuza fimbo kichwa chini ili upande bapa uangalie kule kwingine, nikasimama kinyume, nikapiga gunzi lililofuata kwa shoto bila hata kufikiri. Likaenda limenyooka, likapita juu ya chandarua, likavuka ua. Nikamsikia Dorkas, "Nani ananitupia takataka?"

Nikapiga jingine. Limenyooka. La tatu, limenyooka. Nilisimama pale, nusu nataka kucheka, nusu kulia.

"Badilisha mkono, urudi wa kulia," Mama akasema.

Jioni nilimpigia simu kocha Andrea. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe stoo ya klabu kuna mkoba mzima wa fimbo za shoto, mgeni mmoja aliuacha, na hakuna anayeugusa kwa kuwa hakuna mashoto. "Njoo siku chache kabla uzizoee," akaniambia. "Ni bure." Basi fimbo nilikuwa nazo. Kilichobaki ni Mama.

Nilimsubiri amalize kuswali. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia, "Mama, naomba radhi yako nikacheze kwa mkono wa kushoto. Kula nitakula kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Huu ni wa kupigia mpira tu."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, mbele ya watu."

"Waseme binti Hajira hakufunzwa? Sitoi."

Hapo nilikosa adabu. Nilisema kwa sauti, "Watu gani, Mama? Huko Morogoro nani anamjua Hajira?" Akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tukanuniana. Nyumba ya watu wawili wakinuniana ni mbaya, maana hata kuku unamsikia anavyopumua. Asubuhi, "Shikamoo, Mama," "Marahaba," basi. Nikarudi kupiga kwa mkono wa kulia, na magunzi yakarudi jikoni. Utasema, si ungeenda zako ukapige utakavyo, angekuonea wapi? Kweli, asingeniona. Lakini radhi ya mzazi sisi tunaiogopa. Ningeshinda bila radhi yake, na kila mshahara ningeushika kama nimeuiba.

Siku ya mwisho kabla ya safari nilikuwa ndani nakunja nguo, nikasikia Mama ananiita uani. Nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, fimbo yangu mkononi, gunzi miguuni.

"Linapigwaje?"

Nikamwonyesha kusimama, nikamwonyesha kushika. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kuwa ameelewa, kisha akaigeuza fimbo na kusimama upande wa pili.

"Mama, umeshika kishoto."

"Najua nilivyoshika."

Akapiga. Mwanamke wa miaka karibu sitini ambaye hajawahi kugusa mchezo wowote! Gunzi likanyooka, likavuka chandarua, likavuka ua, likaanguka kwa Dorkas. Mama hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake kama amekutana na mtu wa zamani. Akaugeuza, akanionyesha kovu nyuma ya vidole, lile ambalo maisha yangu yote nimeambiwa ni la uji wa moto.

"Bibi yako aliuchoma kwa kijiko kilichotoka motoni," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Wewe ulipozaliwa na huohuo nikaogopa wataniambia nikuchome. Nikasema, hapana, huyu nitamfunga kitambaa tu."

Miaka yote nilihesabu kitambaa kile kuwa ukatili wake. Nikaushika ule mkono, nikaubusu, machozi yakanitoka.

"Acha kunilowesha," akasema. "Nenda na radhi yangu. Kacheze kwa mkono wako, na atakayeuliza mwambie Mama anajua."

"Ahsante, Mama."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaishika fimbo upya, miguu akaipanga mwenyewe.

"Haya," akasema. "Niwekee jingine."